Kimbunga hakiui AC kwa upepo

Ikishafika mwezi wa tano tu, msimu wa vimbunga uko mlangoni, swali linaanza. Mara WhatsApp, mara mtu kanidaka nje ya ukumbi kwenye harusi bado nina sahani mkononi: fundi, hivi lile boksi la nje la AC nilifunike na nini kimbunga kikija? Turubai? Plaiwudi? Kuna kifuniko nimekiona mtandaoni kina kamba zake kabisa, nichukue? Kila mwaka hivo hivo, na mimi kila mwaka nacheka kidogo, maana kifuniko ndo kitu cha mwisho kwenye orodha yangu na kwa nyumba nyingi hata hakimo.

Kwa ambao hatujuani, mimi nafanya kazi ya AC hapa Houston, Texas, nyumba za watu zaidi, na wateja wangu wengi ni Waswahili wenzangu. Na nilichokiona kwenye hii kazi ni kwamba kimbunga hakiui AC kwa upepo. Sikatai, tawi linaweza kuanguka juu ya boksi likalibonda, na ukiwa Galveston pale ufukweni hiyo ni habari nyingine kabisa. Ila kwa huku mjini, AC nyingi ninazozikuta zimekufa baada ya dhoruba zimeuliwa na umeme au na maji. Na watu, ambao ndo wa maana kuliko mashine, wanaumia siku zinazofuata, na joto, na moshi wa jenereta. Sasa ukishalijua hilo maandalizi yako yanabadilika kabisa, hela uliyotaka kupeleka kwenye kifuniko unaipeleka sehemu nyingine.

Chukua kimbunga Beryl cha 2024. Kilitua Julai 8 alfajiri kule karibu na Matagorda, kategori 1, ile ya chini kabisa kwenye kipimo chao, na usiku ule kwenye magrupu watu wanaandikiana "ah ni wani tu hiyo, laleni". Sasa hiyo kategori inapima upepo peke yake, haipimi maji, haipimi nyaya zitakaa chini siku ngapi. Kulipokucha wateja wa umeme zaidi ya milioni 2 eneo la Houston hawana umeme, wengine walikaa zaidi ya wiki, na ni Julai hiyo, unyevu wa huku unaujua. Nilipita mtaa baada ya mtaa, maboksi ya nje yamesimama pale pale yalipokuwa, yameoshwa na mvua yanang'aa, na ndani ya hizo nyumba watu wamefungua milango yote wanajipepea na makatoni. Kuna waliokufa kwa joto ndani ya nyumba zao wenyewe, upepo ulishaisha zamani.

Florida walishalipata hilo somo kabla yetu. Kimbunga Irma, Septemba 2017, nyumba moja ya kulelea wazee kwenye mji wa Hollywood ilipoteza umeme wa AC, taa zinawaka, umeme mwingine upo, hospitali iko jirani kabisa, na wazee 12 wakafa. Mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria kwamba nyumba za wazee ziwe na jenereta ya kuhakikisha joto ndani halizidi digrii 81 za Fahrenheit, yaani kama 27 za Selsiasi, kwa saa 96. Saa 96 ni siku nne. Mimi hizo siku nne ndo nazitumia hata kwa nyumba ya kawaida: namuuliza mtu, umeme ukikatika siku nne mwezi wa nane, wewe na wanao na mama mkwe mtalala wapi? Akinijibu "AC yangu mpya kabisa fundi" najua hatujaelewana.

Tuanze na umeme basi. Dhoruba ikikaribia umeme haukatiki mara moja ukatulia. Tawi linagusa waya, taa zinafifia, zinarudi, zinafifia tena, giza sekunde mbili, zinarudi. Kwenye taa hiyo si shida ila kwenye kompresa, ile pampu ya gesi ndani ya boksi la nje, ni balaa. Kompresa ya AC ya nyumba nzima inataka volti 240, na pale inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishakolea. Ukiipa volti pungufu inashindwa kuzunguka, imekaa pale inaunguruma tu huku inavuta umeme na kuchemka, mpaka kinga yake ya ndani iikate, afu umeme unarudi inajaribu tena wakati presha ya gesi upande mmoja bado haijashuka. Themostati, kile kidude cha ukutani cha kuwekea digrii, nyingi za siku hizi zinasubiri kama dakika 5 kabla ya kuiwasha tena na hiyo inasaidia kweli, lakini zile zenye betri ndani umeme ukipepesa sekunde moja zenyewe wala hazijui kama kuna kitu kimetokea, zinaendelea kuomba baridi kama kawaida.

Kinachotangulia kufa mara nyingi ni kapasita. Ni kikopo cha bati kimesimama ndani ya boksi la nje, kazi yake ni kuipa kompresa na feni msukumo wa kuanza na kuzisaidia kuendelea kuzunguka. Juu kimeandikwa namba, tuseme 45/5, ile 45 ni ya kompresa na 5 ni ya feni. Nikikipima mwezi wa tano nikakuta ile 45 inasoma 31, basi hicho kikopo kimeshachoka, kinaruhusiwa kupungua asilimia 6 hivi, si zaidi. Siku za kawaida AC kama hiyo itaendelea kuwaka, kwa shida shida, mwenye nyumba hana habari, sanasana ataona bili imepanda. Ila siku umeme unapepesa pepesa ndo inakwama moja kwa moja. Kingine unaweza kukiona hata bila mita, juu kile kikopo kinatakiwa kiwe bapa, kikianza kuvimba hicho kishaondoka. Kifaa chenyewe ni bei ndogo, ukilinganisha na kumsubiri fundi wiki nzima baada ya kimbunga wakati mji mzima unamtafuta fundi huyo huyo. Kwa hiyo mwite akipime kabla ya Juni. Usikiguse mwenyewe tafadhali, kinabaki na chaji hata ukishazima breka, ile swichi ya kukatia umeme kwenye paneli, na hiyo chaji haina masihara.

Sasa hapa ndo nabishana na watu. Nawaambia kimbunga kikikaribia zimeni AC. Mama mmoja mteja wangu, mtu mzima, nilienda kumsafishia mashine yake nikampa hayo maelezo yote, akaniangalia.

"Shikamoo yako nimeipokea mwanangu, lakini hilo la kuzima hapana. Nizime AC umeme ungalipo? Si ndo wakati wa kuila kabla hawajakata?"

"Uile mama, ila uile mapema. Uile mpaka ushibe, afu uzime."

Akacheka lakini alinielewa. Na ndivyo inavyotakiwa: masaa kadhaa kabla upepo haujafika, umeme bado umetulia, unashusha themostati mpaka digrii 68 za huku, kama 20 za Selsiasi, unafunga mapazia yote, hufungui fungui milango, nyumba inapoa mpaka kuta na sakafu na makochi. Hiyo baridi umeshaiweka akiba. Afu upepo ukianza kuchanganya, kabla taa hazijaanza kupepesa, unazima kwenye themostati kwanza, afu unaenda kwenye paneli unazima breka za AC. Ni breka mbili kwa nyumba nyingi, moja ya nje na moja ya mashine ya ndani, zijue leo ziko wapi na uziandike kwa kalamu, maana maandishi ya kwenye paneli za huku mengi ni ya kubahatisha, nimeshakuta imeandikwa "jiko" kumbe ni AC. Nyumba iliyofungwa vizuri itakaa na ubaridi masaa mengi na usiku unalala.

Umeme ukirudi usikimbilie. Washa taa uziangalie kwanza, zikikaa bila kufifia nusu saa hivi ndo unarudisha breka, unasubiri dakika kadhaa, afu themostati. Kule kurudi kwenyewe huwa kunakuja na saji, ule mruko wa volti, na mashine za siku hizi zina bodi za kompyuta kila mahali, kwenye mota ya feni, kwenye boksi la nje, kwenye themostati. Kompresa ni chuma, inavumilia kidogo, bodi haivumilii. Kuna kifaa cha kuzuia saji kinafungwa kwenye paneli kuu na fundi umeme, kinalinda nyumba nzima, na kanuni za umeme za Marekani tangu toleo la 2020 zinataka nyumba mpya ziwe nacho. Nyumba ya zamani huna mpaka ukiweke. Radi ikipiga paneli yenyewe hakuna kifaa kitakachokuokoa, ila ile miruko ya kila siku kinaizuia, na kwa maoni yangu ni hela bora kuliko kifuniko chochote. Breka iliyozimwa ni kinga nzuri zaidi, na ni bure.

Maji sasa. Waliokuwepo huku Agosti 2017 hawahitaji kuambiwa kuhusu kimbunga Harvey, kule mji wa Nederland, hapa hapa Texas, ilipimwa mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwenye dhoruba moja, na Houston ni tambarare, maji hayana pa kwenda. Boksi la nje la AC limekaa chini kabisa kwenye kibao cha zege au plastiki. Maji ya goti tu yanatosha kufunika sehemu ya chini yote, na maji ya mafuriko si maji ya mvua, yana tope, yana maji taka, yana mafuta ya magari. Kompresa yenyewe imefungwa haiingizi maji, shida ni viunganishi vya waya, mota, na tope linalokauka kwenye mapezi ya koili, vile vibati vyembamba vya pembeni vinavyotoa joto.

Kwa hiyo kama maji yamefika kwenye boksi, usiwashe. Hata kama limekauka, hata kama unaona liko safi. Mtu anaona jua limetoka siku mbili anasema ngoja nijaribu, anawasha, anaunguza kitu ambacho kingesafishwa na kubadilishwa nyaya kikapona. Breka ibaki chini mpaka fundi aifungue. Na kama unabadilisha AC mwaka huu na uko eneo la mafuriko, mwambie fundi ainyanyue kwenye stendi, mamlaka ya dharura ya serikali, FEMA, yenyewe inashauri mashine iwe juu ya kimo cha mafuriko kinachotarajiwa hapo kwako. Kuinyanyua siku ya kuifunga ni gharama ndogo. Kuinyanyua baadaye ni kazi ya kukata mabomba ya shaba, kutoa gesi, kurudisha gesi.

Nikiwa kwenye maji niseme la bima maana linaumiza watu. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko ni nyingine, ile ya serikali inaitwa NFIP, na AC ya nyumba nzima imo kwenye upande wa jengo, lakini ukiinunua leo kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Ukisubiri mpaka kimbunga kimepewa jina umechelewa. Na bima ya upepo nayo ina ile dedaktibo yake ya asilimia, watu wengi hawajaisoma. Nyumba imekatiwa bima ya dola 300,000, dedaktibo ya kimbunga asilimia 2, maana yake dola 6,000 za kwanza ni zako. Tawi limebonda boksi la nje peke yake? Uwezekano mkubwa utalipa mwenyewe lote. Kwa hiyo kata hilo tawi. Serious, kuliko kununua kifuniko, mwite mtu akate matawi yanayoninginia juu ya AC, hapo umeshaokoa hela. Na piga picha, boksi lote, afu ile lebo yenye modeli na serial namba, afu mashine ya ndani, itume kwenye simu ya ndugu yako. Mtu wa bima akija atakuuliza hizo namba na lebo yenyewe pengine imeshafutika.

Kuna wadudu pia, na watu huwa hawaamini mpaka niwaoneshe. Wale sisimizi wekundu wa Texas wanaouma, mvua kubwa ikijaza mashimo yao wanatafuta pakavu, na ndani ya boksi la AC ni pakavu pana joto la kupendeza. Wanaingia kwenye kontakta, ile swichi inayogonga "ta!" AC ikiwaka. Mmoja anakaa katikati ya vile vibao viwili vya kugusana, swichi inagonga, anaungua, na wenzake wanakuja kwa mamia. Mwisho kunakuwa na tabaka jeusi la maiti za sisimizi hapo katikati, vibao havigusani, AC haiwaki, na mwenye nyumba anajua ni kompresa imekufa. Naondoa kwa brashi, nabadilisha kontakta kama imeungua, mashine inawaka. Weka dawa ya sisimizi kuzunguka kibao mapema mwezi wa tano, kuzunguka, si ndani ya boksi.

Sasa tupande darini, maana hapa ndo kuna kazi ambayo kila mwenye nyumba anaweza kuifanya na hakuna anayeifanya. Nyumba nyingi za Houston mashine ya ndani iko darini. Chini yake kuna sinia la bati, na kuna bomba jeupe la plastiki linalotoa maji yanayotoka kwenye hewa, kwa unyevu wa huku ni lita nyingi sana kwa siku. Ndani ya hilo bomba kunaota ute. Nikifunga vakyumu ya maji kule nje bomba linapotokea, ukutani karibu na ardhi, ikavuta, kwanza hakuna kitu, kimya, afu vakyumu inabadilisha mlio, inakwama kidogo, afu inakuja "fwaap" kitu kirefu cheusi kinateleza kama mlenda uliochacha, na nyuma yake maji yote yaliyokuwa yamesimama kule juu. Baada ya hapo unamimina siki kikombe kule juu kwenye kidirisha cha bomba, unaacha nusu saa, unasuuza na maji.

Kwa nini nasema hili kwenye habari ya kimbunga? Kwa sababu umeme ukirudi baada ya siku kadhaa nyumba imejaa unyevu mpaka nguo za kabatini, AC ikiwaka inakamua maji mengi kuliko siku yoyote ya mwaka. Bomba likiwa limeziba nusu, ndo siku hiyo litaziba lote. Ukiwa na bahati sinia lina swichi ya boya, maji yakipanda boya linanyanyuka linazima AC, na wewe unadhani kimbunga kimeiharibu, unampigia fundi ambaye ana foleni ya wiki. Usipokuwa na bahati, hakuna boya, maji yanashuka kwenye dari la sebule. Panda juu na tochi, angalia kama boya lipo, limwagie maji kidogo kwenye sinia uone kama linazima mashine. Na ule unyevu wa ndani ya nyumba si wa kuvumilia vumilia, ukungu unaanza kuota kwenye vitu vilivyolowa ndani ya saa 24 mpaka 48, kwa hiyo AC ikiwa salama ndo mashine yako ya kukaushia nyumba. Uwe na filta mpya mbili tatu, ya kwanza itajaa haraka.

Upepo nitausema kwa kifupi. Huko Florida baada ya kimbunga Andrew cha 1992 kanuni za ujenzi zilikazwa na boksi la nje linatakiwa lifungwe kwenye zege. Huku kwetu nakuta maboksi mengi yamekaa tu juu ya kibao, yameshikwa na uzito wake na mabomba ya shaba, na shaba ikikunjwa gesi yote inaondoka. Vile vyuma vya kona na skrubu za zege ni kazi ya saa moja. Viti vya bustani, majungu ya maua, trampolini ya watoto, vyote ndani, hivyo ndo vinapiga mapezi ya koili. Na kifuniko, haya, mkitaka sana: plaiwudi juu tu iliyofungwa vizuri, breka imezimwa, na itoke kabla ya kuwasha. Nailoni ya kuzungushia pande zote inafungia unyevu ndani, na kuna siku mtu atasahau atawasha na kifuniko chake, boksi linakosa hewa, linachemka. Maboksi haya yametengenezwa yanyeshewe.

Halafu siku nne. Hapa ndo ningependa hela yenu iende.

Watu wakifikiria AC na jenereta wanafikiria ile kubwa ya kuendesha nyumba nzima, inayotumia gesi ya bomba, inajiwasha yenyewe. Ni nzuri sana, kama una dola elfu kumi na kuendelea. Wanaokosa hiyo wananunua jenereta ya petroli ya kati wakidhani itaiwasha AC kubwa, na haiwashi. AC ya tani 3, tani hapa ni nguvu ya kupooza si uzito, ikishatembea inaweza kula kilowati 3 hivi, lakini ule mvuto wa kuanza ndo unaiangusha jenereta. Kuna kifaa kinaitwa softi stata kinapunguza huo mvuto sana, fundi anakifunga ndani ya boksi la nje, kwa mwenye jenereta kubwa kiasi ni wazo zuri. Ila bado unachoma petroli nyingi kupooza vyumba ambavyo hakuna mtu, na petroli baada ya kimbunga ni foleni.

Mimi nasema chumba kimoja. Ile AC ndogo ya dirishani, BTU 5,000, hiyo BTU nayo ni kipimo cha nguvu ya kupooza, inakula kama wati 450, jenereta ndogo ya inveta ya wati 2,000 inaiendesha bila kelele na bado inabaki nafasi ya friji. Inapooza chumba cha mita za mraba 14 hivi. Godoro chini, wote humo, watoto na bibi, mlango umefungwa, blanketi chini ya mlango. Chagua chumba ambacho jua la mchana haliingii na ambacho dirisha lake lile boksi linakaa vizuri, na ulipime mwezi wa tano, maana madirisha mengine yanafunguka kwa pembeni na boksi halikai mpaka utafute ubao wa kuzibia. Feni zinasaidia mpaka kiwango fulani, joto la ndani likishakaribia 35 za Selsiasi feni inakupulizia joto tu, na mzee mwenye presha au mtoto mchanga usimwachie feni ukasema yuko salama. Kama hamna namna ya kupooza hata chumba kimoja, wahamishieni kwa mtu mwenye umeme, mapema, si siku ya tatu.

Jenereta sasa, na hapa sicheki. Kimbunga Laura kilipopiga Louisiana Agosti 2020, moshi wa jenereta ulikuwa moja ya sababu kubwa za vifo. Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, unalala nayo huamki. Jenereta iwe nje, futi 20 kutoka kwenye nyumba, ni mita 6, ekzosi inatazama mbali na madirisha, na hiyo ni pamoja na dirisha la jirani. Gereji hata ukifungua mlango wote hapana. Veranda hapana. Mvua ikinyesha jenereta inajengewa kakibanda ka nje, haiingizwi ndani. Na kengele ya kaboni monoksidi yenye betri, iwe kwenye kile chumba mnacholala, maana mmeweka AC ya dirishani na dirisha haliwi limeziba sawasawa. Usiichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani eti iwashe nyumba, umeme unatoka mpaka kwenye nyaya za barabarani na kuna mtu yuko juu ya nguzo anatengeneza. Kuna swichi maalumu ya kubadilishia, fundi umeme anaifunga.

Wenye kupanga apatimenti, najua ndo wengi wenu, boksi la nje si lenu na wala msiliguse, ila breka zenu mnazo ndani, themostati mnayo, ile ya kupooza mapema na kuzima inawahusu vile vile, na filta mbadilishe wenyewe msisubiri ofisi. Jenereta kwenye balkoni hapana kabisa, moshi unaingia kwa jirani wa juu. Tafuteni yale mabetri makubwa ya kuchaji, yanaendesha feni na simu usiku mzima bila moshi, ila AC itayamaliza kwa masaa machache. Na muulizeni meneja sasa hivi, kwa maandishi, umeme ukirudi na AC isipowaka anapigiwa nani.

La mwisho ni sisi mafundi wenyewe. Baada ya kila kimbunga wanatokea watu na pikapu wanagonga milango, "AC yako imeingia maji mama, kompresa imekufa, tubadilishe leo nusu bei, taslimu". Wengine hawajawahi hata kuifungua. Texas kampuni ya fundi AC inatakiwa iwe na leseni ya jimbo, namba inaanza na TACL na inatakiwa iwe imeandikwa kwenye gari lake, unaiangalia kwenye tovuti ya jimbo, TDLR, kwa dakika moja ukiwa umesimama naye hapo mlangoni. Anayeshika gesi ya AC awe na cheti cha EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali. Akikwambia kapasita imekufa mwambie nioneshe mita inasoma ngapi na kwenye kikopo imeandikwa ngapi, ukishajua hizo namba mbili hakuzungushi. Akisema kompresa imekufa, mwache apime mbele yako, na upate maoni ya fundi mwingine hata kama mtakaa siku moja zaidi kwenye kile chumba kimoja. Risiti iwe na namba ya leseni, modeli ya mashine na kilichobadilishwa, mtu wa bima anaitaka hivyo hivyo.